Maswali ya Wasomaji: Mota Ndani ya Kiini cha Mfumo Endeshi

SWALI: Ninaandika draiva (programu zinazouwezesha mfumo endeshi kuongoza vifaa) za mota tatu tofauti kwa ajili ya mfumo endeshi wa Linux, na kila moja ina amri zake. Nifanyeje ili programu ya juu isilazimike kujua chipu iliyo chini?

JIBU: Ndugu msomaji, tenganisha nia na chipu: programu itaje mwendo, nafasi au nguvu ya kuzungusha inayotakiwa, nayo draiva itafsiri ombi hilo kwa lugha ya chipu yake. Vipimo navyo viwe vya pamoja, na kwa kuwa kiini, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, kwa kawaida hakitumii namba za desimali, tumia namba kamili. Ukipima pembe kwa mikroradiani (sehemu ya milioni ya radiani), mzunguko mmoja ni takriban 6,283,185, hivyo namba ya biti 32 yenye alama (inayoweza kuwa chanya au hasi) itajaa baada ya mizunguko 341 tu. Chagua biti 64 tangu mwanzo.

Kazi ya kupima na kurekebisha mkondo wa umeme wa mota, ambayo mara nyingi hurudiwa kila mikrosekunde 50 hadi 100, kiachie kidhibiti kidogo (chipu yenye kompyuta ndogo ndani yake) kilicho kando ya mota.

Jambo ninalokusihi zaidi ni usalama. Programu ikianguka, kiini hufunga faili ilizofungua, ikiwemo ile inayowakilisha mota, na hapo draiva inapaswa kuisimamisha mota. Lakini programu iliyoganda haifungi chochote, kwa hiyo weka pia kipima muda kitakachoisimamisha endapo amri mpya haitafika kwa wakati.