Muulize Shangazi: Nimepewa siku 14 niandike sheria za mtandao shuleni

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku wilaya ya Kongwa, nafundisha fizikia ila kwa vile najua kompyuta kidogo basi kila chenye waya naitwa mimi, hadi spika za mahafali. Mwezi uliopita tulisachi mabweni tukakuta simu 7, wiki hiyohiyo ikasambaa picha ya binti wa kidato cha tatu imeeditiwa, kichwa chake kimepachikwa kwenye mwili wa mtu mwingine, yaani aibu. Mkuu wa shule kasema niandike sera ya matumizi ya teknolojia na mtandao. Nikadaunlodi ya shule moja ya Uingereza nikaitafsiri, kurasa 11, karibu kila mstari ni marufuku. Wenzangu wanasema iko poa ila mi moyo unakataa. Halafu picha yenyewe ya binti ilitoka kwenye grupu letu la wazazi, mwalimu mwenzangu alimpiga picha siku ya michezo akairusha humo. Nianzie wapi?
Ticha, Kongwa

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na majukumu. Hiyo sentensi ya picha umeichomeka mwishoni kama unapita tu, kumbe barua yote iko hapo. Simu 7 za bwenini hazikuitoa ile picha, imetoka kwa watu wazima wenye nia nzuri kabisa, sasa wewe unataka kuwaandikia watoto kurasa 11. Anzia ofisi ya walimu.

Karatasi yako ya kwanza iseme mwalimu anaruhusiwa kupiga picha gani, kwa simu ya nani, na zinaenda wapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na picha ya mtoto ni taarifa zake, kwahiyo kwenye fomu ya kujiunga ongezeni mstari mmoja mzazi asaini anakubali au anakataa, na akikataa mtoto asitengwe siku ya mahafali jamani, apigwe picha ya kwake ya nyumbani. Matokeo nayo, hii tabia ya kurusha listi nzima ya majina na maksi kwenye grupu la wazazi 200 mi sijawahi kuielewa, yule wa mwisho anasomwa na mtaa mzima kabla mama yake hajatoka shamba. Mtumie kila mzazi ya mwanae. Na vile vishikwambi walimu mlivyopewa baada ya Sensa ya 2022, wangapi wanavyo nyumbani watoto wanachezea gemu na humo kuna maksi za wanafunzi? Weka nywila, andika hilo.

Sasa watoto. Simu bwenini hairuhusiwi, sawa, hilo wanalijua toka siku ya kwanza. Ila andika ikikamatwa inafanywaje: inaandikwa kwenye daftari, inafungiwa, mzazi anakuja kuichukua. Mambo ya kuzipondaponda kwa nyundo paredi ikiwa imesimama achaneni nayo, ile ni mali ya mtu, pengine baba kauza mbuzi.

Kipengele utakachokaa nacho usiku ni kile cha mtoto akishambuliwa mtandaoni aende kwa nani. Andika cheo, mfano mwalimu wa malezi, na wa pili kama huyo wa kwanza ndo tatizo. Anaetunza skrinishoti awe mmoja tu, maana nimeshaona walimu wanaoneshana "ushahidi" simu kwa simu, ikifika jioni wao ndo wamesambaza kuliko watoto. Mzazi apigiwe siku hiyohiyo. Jambo kama hili la kwenu linagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwahiyo Dawati la Jinsia na Watoto polisi lihusike, na namba 116 ya kusaidia watoto ibandikwe bwenini, kuipiga ni bure.

Kuhusu urefu, ukurasa mmoja, mbili ukizidiwa, kwa Kiswahili ambacho bibi anayelea mjukuu kule Mpwapwa atasomewa na akaelewa. Ya Uingereza iache, wao wamewaandikia watoto wenye kompyuta chumbani, wewe una kompyuta ngapi vile, na umeme wenyewe unakatika. Kabla haijaenda kwenye bodi ya shule wape kaka mkuu na dada mkuu na wale watundu wawili watatu waisome, watakuonesha matobo yote ndani ya dakika kumi, we wape tu soda. Siku 14 hazitoshi kwa hayo, muombe mkuu mwezi mmoja, mwambie Shangazi kasema.

Huyo mwalimu aliyerusha picha usimuanike kikaoni, mkae nae pembeni.

Na yule binti, hujaniambia, anaingia darasani? Nani ameongea nae? Niandikie hilo kabla ya hiyo sera.