Muuguzi wa Mbeya na Ahadi ya Kazi Uingereza

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye shahada, nina umri wa miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa saba katika hospitali ya serikali hapa Mbeya. Nina watoto wawili wanaosoma shule ya msingi Uyole. Wakala mmoja ameniahidi kazi ya kuhudumia wazee Uingereza kwa pauni 25,000 kwa mwaka, naye anataka shilingi milioni sita za kushughulikia viza. Nimekwisha kupata mnunuzi wa kiwanja changu. Je, niuze, niache kazi na kuondoka?

JIBU: Dada yangu, kiwanja usikiuze kwa ajili ya safari hii. Njia ya viza anayoizungumzia wakala huyo, yaani ya wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani, ilifungwa tarehe 22 Julai 2025 kwa waombaji wapya walioko nje ya Uingereza. Hata kabla ya hapo, tangu tarehe 11 Machi 2024, mhudumu wa aina hiyo hakuruhusiwa tena kuja na mwenzi wala watoto. Aidha, sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inayosimamia mawakala wa ajira inamkataza wakala wa huko kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi, na hati ya udhamini inayohitajika kuombea viza hutolewa na mwajiri mwenye leseni, ambaye jina lake limo katika daftari linalosomeka wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Mwombe wakala jina la mwajiri, ulitafute mwenyewe katika daftari hilo, na wala usimkabidhi pasipoti wala vyeti halisi.

Kuna jambo jingine ambalo wauguzi wengi wa mikoa yetu hawalijui. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kwa sababu hiyo mwongozo wa Uingereza unawakataza waajiri na mawakala wao kuja kuwatafuta wauguzi katika nchi hizo. Haikukatazwa, hata hivyo, muuguzi mwenyewe kuona tangazo la kazi na kuliomba moja kwa moja kwa mwajiri. Mlango wako ni huo, na unaupitia ukiwa muuguzi kamili. Kwa maoni yangu ni hasara kubwa kwa mtu mwenye shahada na uzoefu wa wodini kuondoka kwa jina la kazi iliyo chini ya taaluma yake.

Safari ya namna hiyo huanzia kwenye usajili wa Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza. Utahitaji kuthibitisha Kiingereza chako, na kwa mtihani wa IELTS alama ni 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, sehemu ambayo huwaangusha wengi na inayostahili miezi ya mazoezi. Hufuata mtihani wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta, kisha ule wa vitendo unaofanyika Uingereza kwenyewe, ambao ada yake, pauni 794, waajiri wengi wa hospitali za umma huilipa. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania litatakiwa kuthibitisha usajili wako, kwa hiyo usiache leseni yako ikaisha muda.

Sasa tuje kwenye fedha. Katika hospitali za umma za England muuguzi anayeanza alipangiwa pauni 31,049 kwa mwaka wa 2025/26. Pauni 12,570 za mwanzo hazikatwi kodi ya mapato. Zinazozidi hapo hukatwa asilimia 20 ya kodi na asilimia 8 ya bima ya taifa, na juu ya hayo kuna mchango wa pensheni. Mkononi hubaki takribani pauni 2,000 kwa mwezi, na kodi ya chumba, umeme na nauli hutoka humo humo. Ukilinganisha mshahara ghafi wa huko na matumizi ya Mbeya, ambako mchele wa Kyela na viazi vya Uporoto viko karibu na jiko lako, utajidanganya. Linganisha kinachobaki mwishoni mwa mwezi, pande zote mbili.

Kuhusu watoto, muuguzi aliyesajiliwa anaweza kuomba waende naye, lakini viza yake haimpi haki ya posho za serikali, ikiwamo ile ya watoto, na zamu za saa 12 zinamlazimu kumlipa mtu wa kuwaangalia. Ningeshauri utangulie, wao wabaki na mtu unayemwamini hadi umalize mtihani wa vitendo na kupata nyumba.

Kazi usiiache leo. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inataka michango ya miezi 180 ili mtu astahili pensheni ya kila mwezi, nawe hujafika nusu. Muulize ofisa utumishi wako, kwa barua na ujibiwe kwa barua, kama unaweza kupewa likizo bila malipo, na michango yako itahesabiwaje ukirudi. Barua ya kuacha kazi iandikwe baada ya hati ya udhamini na viza kuwa mkononi mwako.