Triga ya analogi: kunasa mkondo wa mota ya kisiagi inapowashwa

Mota ya kisiagi ya kilowati 7.5, kama zile za sokoni Luanda au Mumias, magharibi mwa Kenya, hula takriban ampea 15 kwa kila fezi ikishashika kasi. Ikiwashwa moja kwa moja, bila staa-delta (swichi inayoiwasha mota kwa volti ndogo kwanza), mkondo hupanda mara sita hivi, hadi ampea 90, kisha hushuka baada ya sekunde chache. Huwezi kuuwahi kwa kubonyeza kitufe. Hiyo ni kazi ya triga ya kifaa cha kunasa data: hukifanya kirekodi chenyewe volti ya ingizo ikivuka kiwango ulichoweka.

Tumia klampu ya mkondo (kibanio kinachozunguka waya wa fezi) inayotoa milivolti 10 kwa kila ampea. Ampea 90 zina kilele cha karibu 127, yaani volti 1.27. Mawimbi ya kwanza huweza kupita hapo, kwa hiyo weka upeo wa ingizo la kifaa uwe ±5 V, si ±2.

Weka triga kwenye volti 0.1 ikipanda, na histeresisi ya 0.05, yaani volti lazima kwanza iwe imeshuka 0.05 chini ya kiwango ndipo kupanda kwake kuhesabiwe. Bila histeresisi, kelele ndogo inayochezacheza karibu na kiwango hutriga ovyo. Usishuke hadi 0.02: kilinganishi cha triga (sakiti inayolinganisha volti na kiwango) mara nyingi ni cha biti 8 tu, na kwenye ±5 V hatua yake moja ni milivolti 39, hata kama sampuli zenyewe ni za biti 16.

Kasi iwe sampuli 10,000 kwa sekunde. Chukua 60,000, na 2,000 kati ya hizo ziwe za kabla ya triga. Usiziache hizo. Nusu wimbi la kwanza likianguka upande wa hasi, triga huchelewa hadi milisekunde 10, na bila sampuli za awali mwanzo wote umepotea.

Ikitriga kabla mota haijawashwa, shuku kelele ya koili ya kontakta, swichi ya sumaku inayowasha mota. Weka rezista ya kilo-ohm 1 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye ingizo. Hukata kelele iliyo juu ya kilohezi 1.6 hivi. Na klampu ya betri ikiunganishwa kidifarensha (kifaa kikipima tofauti kati ya waya zake mbili), unganisha rezista ya kilo-ohm 100 kutoka kila waya hadi graundi, la sivyo volti itaelea hadi igonge ukingo wa upeo.

Kwenye kifaa chenye ADC moja (kigeuzi cha volti kuwa namba) inayopokezanwa na chaneli zote, chaneli ya triga iwe ya kwanza kwenye orodha.

Jaribu kila kitu mezani kabla ya kwenda: betri ya 1.5 V na potenshiomita ya kilo-ohm 10, zungusha polepole hadi upite 0.1. Itrigi mara moja tu.