Nyumba ya zamani Rungwe: simamisha fundi kabla hajafungua mfuko wa saruji

Mkuu simamisha huyo fundi leo hii, usisubiri kesho. Umesema umeachiwa nyumba ya babu karibu na mission ya Rungwe, tofali za kuchoma, msingi wa mawe, juu vigae, na unauliza vitu vinne: kibali, lipu, bei ya bati za msauzi, na kama inafaa kugeuzwa gesti ya watalii. Halafu ukamalizia kwamba fundi ameshashusha saruji anasubiri mvua ikate tu apige lipu ndani na nje. Hapo ndo nimeshindwa kupita kimya, maana nyumba ya ukoo wetu upande huu wa Tukuyu ilikuwa ya aina hiyo hiyo, na upande mmoja wake hatunao tena kwa sababu ya lipu ya saruji. Bati na gesti vitasubiri, leo ni kibali na lipu.

Sheria naisema haraka kwa sababu kuna mtu kakwambia nyumba za wakati wa Mjerumani hazilindwi fanya unavyotaka. Amekupa nusu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na wamisionari wa Kimoraviani walioanzisha mission hiyo wamefika Rungwe 1891, kwa hiyo kwa kuangalia mwaka peke yake hiyo nyumba haiingii. Lakini waziri ana uwezo wa kulitangaza jengo la baadaye kwenye Gazeti la Serikali, na likishatangazwa hugusi hata dirisha bila ruhusa ya Idara ya Mambo ya Kale. Nenda halmashauri kwa afisa utamaduni, uliza kwa barua, ujibiwe kwa barua, na kama kiwanja kiko ndani ya eneo la kanisa waulize na wao. Na anayekwambia majengo ya Mjerumani ni magofu ya kuvunja mpeleke Iringa mjini akalione Boma, limejengwa 1900, toka 2016 ni makumbusho, watu wanalipa kiingilio kuingia humo.

Haya lipu sasa. Nyumba za zamani huku hazina ile nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji ya ardhini yanapanda kwenye mawe yanaingia kwenye tofali, na Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, yaani ardhi haikauki ikakauka kweli. Waliojenga walilijua hilo. Wakaunganisha tofali kwa udongo au chokaa, wakapiga lipu ya chokaa, ili unyevu unaopanda utokee ukutani taratibu jua likitoka. Ukuta unapumua. Ukipiga saruji umeufunga, ni sawa na kumvalisha mtu koti la nailoni akiwa ameshaloa mwili mzima. Maji hayatoki, yanatafuta njia ya kupanda juu zaidi, yanafika kwenye mbao za milango na vichwa vya kenchi (mbao zinazobeba paa), na huku chini yanayeyusha udongo ulioshikilia tofali. Na wewe huoni chochote kwa sababu kwa nje kuna lipu nzuri imenyooka imepigwa rangi.

Kwetu mwaka wa kwanza kila mtu alisifia, nyumba imekuwa mpya, wazee wanapiga picha kibarazani. Masika iliyofuata rangi ikaanza kuvimba malengelenge chini kwenye usawa wa magoti. Fundi akaitwa, akasema ni rangi mbovu, akabandua akapiga skimu ya saruji (tabaka jembamba la kulainisha) juu yake tena!! Baadae ukigonga ukuta kwa kidole unasikia kuna uwazi ndani, lipu imesimama peke yake na tofali iko peke yake. Tukasema ibanduliwe yote. Hapo ndo palipouma, maana saruji haitoki yenyewe, inatoka na ngozi ya tofali. Tofali ya kuchoma ugumu wake uko nje pale moto ulipoikamata, ndani ni laini. Nilishika kipande cha lipu kimegandana na uso wa tofali na juu ya huo uso kuna alama za vidole vinne vya aliyeifyatua, na ukutani ilikobaki tofali ukipitisha kidole gumba inamwagika unga mwekundu. Tofali ikishafika hapo huna cha kufanya, hakuna dawa. Ukuta wa upande wa mlimani ukatoa tumbo, mvua za mwezi wa nne zikaumalizia, ukaenda na vigae vyake na chumba cha bibi. Pesa yote ilikuwa ya parachichi na chai, ya ndugu wote, na mpaka leo kuna watu kwenye ukoo hawaongei.

Na yule fundi tulimuuliza kabla kabisa, mbona mzee wa kanisa anasema hizi kuta ni za chokaa? Akajibu chokaa ni ya kupaka miti na vyoo vya shule. Kwa kujiamini kabisa! Injinia aliyeletwa kukagua hakushuka hata kibarazani, akaangalia kwa dirisha la gari akasema ongezeni saruji kwenye mchanganyiko na mfunge waya wa kuku ili ishike. Wale watu wawili walilipwa hela yao yote wakaondoka, na ukimpigia huyo fundi sasa hivi anakwambia nyumba ilikuwa imechoka. Haikuwa imechoka, ilikuwa imesimama toka enzi za babu yake babu, ilichoshwa. Nikisikia fundi anasema "weka saruji itadumu" kwenye nyumba ya namna hii napandwa na hasira mpaka kesho.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote ujue ukuta wako umeunganishwa na nini. Kwangua kidogo kwenye kiungo cha tofali, sehemu ya ndani isiyonyeshewa, weka kipande kwenye glasi ya maji. Kikiyeyuka maji yakawa tope, huo ni udongo. Kisipoyeyuka, kidondoshee siki au ndimu, kikitoa mapovu na msumari unakikwangua kirahisi, hiyo ni chokaa. Majibu yote mawili saruji haiingii. Sio kidogo, sio ya kuchanganya, sio chini tu "kwa ajili ya maji", chini ndo pabaya kuliko kote. Na usikubali fundi wako akumwagie zege kuzunguka nyumba nje wala niru (saruji ya kulainisha) sakafuni, utakuwa unayasukuma maji yote ukutani.

Cha kufanya ni kuanza na maji. Rudisha vigae vilivyovunjika, weka gata, chimba mfereji uyapeleke mbali na msingi, na udongo uliorundikana nje ukapanda juu ya mawe ya msingi uondoe mpaka mawe yaonekane. Halafu acha ukuta ukauke kiangazi kizima. Kizima mkuu, hata ndugu wakilalamika. Ndo upige lipu ya chokaa, chokaa moja mchanga tatu, mchanga wenye chenga uliooshwa, tabaka nyembamba nyembamba, unafunika na magunia yenye unyevu isikauke ghafla ikapasuka. Ukinunua ile ya mawe yaliyochomwa unayoizima mwenyewe kwa maji, inachemka kweli kweli, watoto wakae mbali na fundi avae miwani, ikiingia jichoni inaunguza. Mafundi wanaoijua wamebaki wachache, anzia kwa wazee waliokuwa wanakarabati majengo ya mission, waulize watakwambia wenyewe bila kubembelezwa.

Fanya jaribio la glasi jioni hii, piga picha ya ukuta kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, upande wa nje na wa ndani, uzitupie hapa tuone unyevu umefika wapi. Na mifuko ya saruji ambayo haijafunguliwa fundi airudishe dukani kabla haijashika unyevu.