Kabati la nyumbani, si raki ya studio

Umeuliza kama kabati lililo kwenye picha yako ni raki ya studio (fremu ya kufungia vifaa vya sauti), kama ni la mbao halisi, na nani alilitengeneza. Hilo ni kabati la stereo la nyumbani, si raki ya studio. Raki ya studio ina reli mbili za chuma zenye matundu ya skrubu, na paneli zake zina upana wa inchi 19, yaani milimita 482.6. Lako lina rafu, mlango wa kioo na magurudumu. Kuhusu mbao, chungulia kingo za tundu la nyaya kule nyuma: ukiona chenga zilizogandishwa na karatasi ya plastiki inabanduka juu yake, basi si mti mzima. Nimeyafungua mengi, karibu yote yako hivyo. Ila kuhusu aliyelitengeneza, jina lililo kwenye amplifaya lisikudanganye, watu walichanganya sana vifaa na makabati ya kampuni tofauti. Tafuta lebo ya kabati lenyewe mgongoni.