Mtoto Akirudi Kutoka Kambini Ameokoka

Likizo ya Juni ikikaribia kuisha, simu yangu huanza kuita. Mzazi mmoja analalamika kwamba binti yake ametumbukiza hereni zote chooni na hataki kusikia Bongo Fleva hata ikipigwa kwa jirani. Mwingine anashukuru huku analia: kijana aliyekuwa hasalimii watu sasa anaamka saa kumi na moja alfajiri kusali. Halafu kuna wa tatu, na mara nyingi huyu ni baba. Anauliza kwa sauti ya chini, "Mama Mlezi, huko mlimani mmemfanya nini mtoto wangu? Ameniambia eti mimi sijaokoka." Na baba wa watu ni mzee wa kanisa!

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka mingi nimekuwa mlezi wa wasichana katika kambi za vijana wa Kilutheri, zile zinazofanyika kwenye shule za bweni wanafunzi wakiwa likizo. Mara nyingi tunakwenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Haya nawaandikia wazazi kwanza, ingawa walezi wenzangu nao watayakuta yao humu.

Kwa ambaye hajawahi kukanyaga kambini, mambo huwa hivi. Watoto wanafika na magodoro, ndoo, sahani na vikombe. Simu zinakusanywa jioni ya kwanza na kufungiwa ofisini, na hapo ndipo kilio cha kwanza cha kambi kinasikika. Asubuhi uji na vikundi vya Biblia, mchana kufua na mpira, jioni makande, kisha ibada ya usiku. Mwezi wa sita Usambara ni baridi hasa, na watoto wa Dar wanakuja na shuka moja la maua kana kwamba wanakwenda Kigamboni.

Ibada ya usiku ndiyo wanayokuja kuwasimulia nyumbani. Mapambio yanaanza taratibu, yanapanda, kinanda na ngoma vinakolea, anasimama mhubiri kijana anayejua kuongea na vijana, kisha mwito: anayetaka kumpa Yesu maisha yake apite mbele. Wanapita. Wengi wanalia. Wakati mwingine msichana anaanguka, na akianguka mmoja wanafuata wengine. Walimu wa mabweni ya wasichana wanalijua hili hata shuleni, pasipo mahubiri yoyote. Mimi humtoa kwenye umati, nikamfunika, nikampa maji, nikamuuliza mara ya mwisho kula ilikuwa lini. Maombi yapo, na ninaomba, ila hilo swali la chakula halijawahi kuwa la bure.

Sasa, yale machozi ni ya Mungu au ya usingizi? Nimeacha kujiuliza usiku uleule. Mungu anaweza kusema na mtoto aliyechoka, na mtoto aliyechoka anaweza kulia kwa sababu tu amechoka, na yote mawili yanaweza kutokea ndani ya mtoto mmoja katika dakika moja. Mhubiri akishuka jukwaani kunitangazia idadi ya waliopita mbele, mimi huwa natafuta nani hana blanketi.

Somo ninalowapa wazazi ni lile la Samweli mdogo, sura ya tatu ya kitabu cha kwanza. Watu wengi wanapolisoma wanamtazama mtoto. Mimi naomba mumtazame mzee Eli. Mtoto anaitwa usiku, anamkimbilia mzee, mzee anamwambia sikukuita, rudi ukalale. Inakuwa hivyo tena, na tena, mpaka Eli anang'amua ni nani anayeita. Angeweza kuinuka aende mwenyewe, maana yeye ndiye kuhani. Hakwenda. Alimfundisha mtoto la kujibu, akamrudisha kitandani akasikilize mwenyewe. Kulipokucha, Biblia inasema Samweli alifungua milango ya nyumba ya Bwana. Yaani baada ya usiku mkubwa kiasi kile, asubuhi alifanya kazi yake ya kila siku.

Kwa hiyo akirudi, msimtanie kwa kumwita mlokole mezani. Na msimtembeze. Kumtembeza naona ni kubaya zaidi, kwa sababu kunafanywa kwa upendo. Mama anamsimamisha mtoto atoe ushuhuda kwenye jumuiya ya mtaa, kisha kwenye kwaya, kisha mbele ya wajomba waliokuja kwa posa ya dada. Kila anapousimulia, ushuhuda unaongezeka chumvi kidogo, kwani mtoto anaona wakubwa wanafurahi, na baadaye hajui tena lipi lilitokea na lipi liliongezwa. Mwacheni aoshe vyombo zamu yake ikifika. Akisema hawezi kwa sababu ana saa ya maombi, mwambieni Samweli alifungua milango.

Na lile la "Baba hujaokoka"? Linauma, sikatai. Lakini kumbukeni ujumbe wa kwanza aliopewa Samweli ulikuwa dhidi ya nyumba ya Eli mwenyewe. Mtoto aliogopa kuusema. Eli ndiye aliyemlazimisha auseme wote, akausikia, akaupokea bila kumchapa mtu. Baba mmoja nilimshauri amuulize kijana wake swali moja tu, kwa utulivu: "Umeona nini kwangu kinachokufanya useme hivyo?" Alifikiri ataambiwa mambo ya dini. Kijana alimjibu kwamba anaogopa akisikia geti likifunguliwa usiku, kwa sababu ya pombe. Waliongea mpaka saa nane. Hayo mengine ni yao.

Watu huniambia kwamba huku kuokoka ni mambo ya makanisa mapya ya spika kubwa, sisi wa madhehebu ya zamani hatuna. Si kweli. Uamsho wa Afrika Mashariki uliwaka miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana alikokuwa daktari Mwingereza Joe Church, rafiki wa Mganda Simeoni Nsibambi. Ukaenea Uganda, Kagera, Kenya, na wengi wa walokole wale walibaki ndani ya makanisa yao, Waanglikana, Walutheri na wengineo. Bibi zetu walioimba "Tukutendereza", wimbo wa uamsho ule, walikuwa wanakijua wanachokiimba. Jambo moja lililowatambulisha ni kurudisha. Mtu akiokoka alirudisha mbuzi aliyemwiba, alilipa deni alilolikana, alimwendea jirani mchana kweupe kuomba radhi. Toba ilikuwa na mguu.

Hilo ndilo ninalolitazama kwa watoto wetu kuliko machozi, na ndilo linalowashinda wazazi wengi. Kijana anarudi na kukiri: zile pesa za mtihani wa majaribio hazikuwa za mtihani. Saini kwenye ripoti niliigiza mimi. Simu ya Mama haikuibwa kwenye daladala, niliiuza. Mkono wa baba unakwenda kwenye mkanda. Nawasihi, mzuieni. Ukimchapa kwa alilolikiri mwenyewe umemfundisha kwamba ukweli una bei na uongo ni wa bure, na hutasikia kitu kingine kutoka kinywani mwake mpaka aoe. Lakini msimsamehe kijuujuu pia, kwamba yaishe tu kwa sababu Yesu ameshasamehe. Mpangieni namna ya kulipa, hata kama ni elfu mbili kwa mwezi kutoka kwenye nauli, hata kama ni kufuga kuku wa Mama mpaka simu irudi. Kijana aliyelipa simu kwa kuku hasahau wokovu wake upesi.

Kuna suala la dawa, na hapa sina simile. Binti mmoja aliwahi kunikabidhi kifuko cha vidonge baada ya maombi ya uponyaji, akaniambia kwa furaha, "Mama, sivihitaji tena." Nilimkumbatia, nikashukuru naye, kisha nikampa vidonge vyake vya jioni hiyo, akavimeza mbele yangu. Mtoto wa sikoseli, wa kifafa, wa pumu, wa kisukari, anayetumia ARV, haachi dawa kambini wala baada ya kambi kwa neno la mhubiri. ARV zikikatizwa, virusi vinaongezeka tena na vinaweza kujenga usugu, na dawa iliyokuwa ikimsaidia ikashindwa. Anayeamini amepona aende kliniki akapimwe, daktari atasema. Nyumbani, wiki ya kwanza baada ya kambi, hesabuni vidonge kimyakimya. Na kufunga kula kwa mtoto mgonjwa, au kwa yule anayerudi shule moja kwa moja kwenye mitihani, si jambo la kuamuliwa na kundi la WhatsApp.

Jambo jingine ambalo walezi tunakwepa kulisema: watoto wa Kiislamu. Tanga na Dar es Salaam watoto wanakaa bweni moja, wanaalikana, na mara nyingine rafiki anakuja kambini akaguswa na alichokisikia. Msimamo wangu unawaudhi baadhi ya wachungaji. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haongozwi kubadili dini kwa siri, akafundishwa kuwadanganya wazazi wake. Namwambia aliyoyasikia hayatakimbia, naye akue, asome, aongee na wazee wake, na akiwa mtu mzima njia iko wazi. Imani inayoanza kwa kumlaghai mama sijui itaishia wapi. Tena na sisi tuna watoto wetu kwenye shule zao. Fikirini ingekuwa wenu.

Suala la kubatizwa tena nitalipitia haraka, maana mabishano yake hayana mwisho. Mtoto aliyebatizwa mchanga akirudi anataka maji mengi, msigombane naye. Mpelekeni kwa mchungaji, kama anasoma kipaimara amalize kwanza, na maswali yake yote ayapeleke darasani. Walimu wa kipaimara wanakosa sana wanafunzi wenye maswali.

Narudi kwa Eli, kwa sababu hadithi yake ina upande mchungu. Alikuwa na wanawe makuhani waliokula sadaka kwa nguvu na kuwaharibu wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Alijua. Aliwakaripia, lakini aliwaacha kazini. Kambi inakusanya watoto waliofungua mioyo, usiku, mbali na wazazi, mbele ya watu wazima wanaowaamini kuliko wanavyomwamini mwalimu. Mwenye nia mbaya hatafuti mahali pengine.

Uingereza wamelipia somo hili. Wakili aitwaye John Smyth alikuwa kiongozi katika kambi za Kikristo za wavulana zilizojulikana kwa jina la Iwerne, na aliwapata humo vijana aliowapiga kikatili kwa kisingizio cha kuwatakasa. Baadhi ya wakubwa waliandikiwa taarifa yake mwaka 1982. Wakanyamaza. Mwaka 1984 alihamia Zimbabwe akaanzisha kambi nyingine, na huko mvulana wa miaka 16 alifia majini mwaka 1992. Smyth alifariki Cape Town mwaka 2018 bila kufikishwa mahakamani. Uchunguzi uliotolewa Novemba 2024 ulionyesha kwamba waliodhurika ni zaidi ya 100, na mwezi huohuo Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi mkuu wa Waanglikana, akatangaza kujiuzulu kwa sababu ya suala hilo.

Kwa hiyo walezi wenzangu, mtoto akikueleza katika toba yake kwamba mtu mzima amemfanyia ubaya, hiyo si dhambi yake ya kutubu, na si ushuhuda wa jukwaani. Usimwambie asamehe yaishe. Usimwite mtuhumiwa mkae kikao cha maridhiano. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tutoe taarifa. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ipo namba 116 inayopigwa bure. Baada ya kambi pia, mlezi mwanamume hachati na binti faraghani saa tano usiku "kumfuatilia kiroho". Ufuatiliaji ufanyike kwenye kundi ambamo mzazi yumo, au nyumbani kwao mchana, mkinywa chai sebuleni.

Nanyi wazazi, kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, ulizeni. Nani analala bweni la wasichana, na je, wako wawili au mmoja? Muuguzi yupo, na dawa za mtoto anatunza nani? Mhubiri ametoka wapi, na nani anamjua nyumbani kwake? Mtoto akitaka kunipigia simu ataruhusiwa, na mimi nikifika bila kutaarifu nitafunguliwa geti? Kiongozi wa kambi akianza kuwajibu kwamba mnakosa imani, rudini na fomu yenu na mtoto wenu. Mimi nikiulizwa hutoa namba ya muuguzi na ya mkuu wa shule papo hapo, na humwambia mzazi aje siku yoyote anayotaka, ila akija jioni aje na kilo kadhaa za sukari, maana ya kambi huwa haifiki mwisho.