Maswali na majibu: bakuli la Kijapani na mchuzi wa manjano

Mume wangu alirudi safari ya Japani na mabakuli mawili ya kufinyangwa kwa mkono. Nimetia mchuzi wa nazi mara moja tu, na moja limeshika madoa ya manjano yasiyotoka. Nimeliharibu? (Tanga)

Hujaliharibu, umelipeleka jandoni mapema tu. Bakuli lako ni la udongo, si kaure (ule ufinyanzi mweupe, mgumu, usionyonya maji), na ule utando unaong'aa juu yake mara nyingi huwa na nyufa nyembamba kama nywele. Mafuta na manjano hupenya humo.

Ndiyo maana Wajapani huchemsha bakuli jipya la udongo kabla ya kulilia. Fanya hivyo kwa lile la pili. Liweke kwenye sufuria, mimina maji meupe uliyooshea mchele mpaka lizame, washa moto mdogo kwa dakika 20 hivi, kisha liache lipoe humo humo. Wanga wa mchele huziba vinyweleo. Halafu kila siku, kabla ya kupakua, lichovye kwenye maji safi kidogo: udongo uliokwisha kunywa maji haunywi mchuzi. Ukishaliosha, lianike mpaka kitako kikauke kabisa, maana ukilifungia kabatini na unyevu litaota ukungu.

Doa lililopo litabaki. Vyombo vya mji wa Hagi husifiwa huko kwao kwamba hubadilika rangi mara saba kadiri chai inavyopenya miaka nenda miaka rudi, na watu hulipa fedha nzuri kwa hilo. Manjano yako yahesabu kuwa ya nane.

Nitajuaje kama ni kaure au udongo, na kama kweli ni kazi ya mkono? (Nairobi)

Ligonge ukingoni kwa kucha. Kaure hulia kama kengele ndogo, udongo hutoa sauti butu. Kuhusu mkono, ligeuze utazame kitako: mara nyingi utaona mikwaruzo ya mzunguko wa gurudumu, na pengine alama za vidole pale mfinyanzi alipolishika akilichovya kwenye uji wa ule utando unaong'aa. Viwanda navyo vinajua kuiga, kwa hiyo chukua mawili ya aina moja. Yakifanana hadi alama ya kidole, hapo umeuziwa mashine.

Mbona mabakuli yao ya wali ni madogo hivyo, tena yana kitako kirefu? (Muscat)

Kwa sababu hayakai mezani wakati wa kula. Mjapani hulinyanyua bakuli la wali kwa mkono wa kushoto na kulisogeza karibu na mdomo, na kile kitako huvipa vidole pa kushika bila kuungua. Upana wake ni kama sentimita 12, kiasi cha kiganja. Nyumba nyingi kila mtu ana lake, na mume na mke huweza kuwa na jozi, moja kubwa kidogo na moja dogo. La supu kwa kawaida ni la mti uliopakwa laka (utomvu wa mti unaokauka ukawa mgumu), kwa vile mti hauchomi mkono.

Mimi napenda zaidi kisa cha mabakuli ya mto Yodo, kati ya Kyoto na Osaka. Enzi za Edo (1603 hadi 1868) abiria walisafiri mtoni kwa mashua, na wachuuzi wakaja na mashua zao ubavuni wakipiga kelele za ufidhuli, "kurawanka", yaani kama kusema "nyie, hamli?" Chakula kilitolewa kwenye mabakuli ya bei rahisi, mengi yakitoka Hasami, mkoa wa Nagasaki: kaure nene, zito, kitako kipana ili lisipinduke mashua ikiyumba. Sisi wa pwani bakuli la kigeni tumelijua zaidi kama pambo. Nenda Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, uone nguzo za makaburi ya kale zilizopachikwa zamani mabakuli ya Kichina, ambayo hakuna aliyeyalia tena.

Linafaa kwa ugali? (Mwanza)

Hapana, mkono hauingii. Litilie mlenda au mboga ya kando.

Langu limepasuka. Nimesikia Wajapani wanaunga kwa dhahabu. (Mombasa)

Kinachounga ni ile laka, na dhahabu ni unga unaopakwa juu ya mshono mwishoni. Kazi yenyewe huchukua wiki kadhaa, maana laka hukauka polepole na hutaka unyevu. Utomvu mbichi huwasha ngozi vibaya. Gundi za kisasa zenye rangi ya dhahabu ni za pambo, usizilie chakula. Na lililoungwa hivyo lisiingie kwenye maikrowevu.

Naenda Tokyo mwezi wa Aprili. Ninunue wapi? (Dar es Salaam)

Nenda Mashiko, mkoa wa Tochigi, kaskazini ya Tokyo. Zamani walifinyanga mitungi na vyungu vya jikoni, mpaka mfinyanzi Hamada Shoji alipohamia huko miaka ya 1920 na jina la mji likavuka bahari. Tangu 1966 kuna gulio la vyombo, siku hizi mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Aprili kuingia Mei, na Novemba. Wafinyanzi huuza wenyewe, kwa hiyo lishike bakuli mkononi kabla ya kuuliza bei. Ukitaka kaure, gulio la mji wa Arita, mbali huko kusini katika kisiwa cha Kyushu, ni Aprili 29 hadi Mei 5. Chukua kanga mbili za kufungia, na mabakuli yasafiri kwenye begi la mkononi.